Televisheni yenye mtoto wa jicho

MZEE akianza kulalamika kwamba dunia imeingia ukungu na sura za wajukuu hazionekani sawasawa, mara nyingi daktari wa macho hapotezi muda mrefu. Humulika kwa kurunzi, akauona ule weupe kwenye mboni, akasema: mtoto wa jicho. Leo, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya maradhi hayo hayo, isipokuwa mgonjwa si mtu. Mgonjwa ni televisheni.

Sitanii. Kule Marekani wako watu wanaokusanya televisheni kongwe kama wengine wanavyokusanya stempu au magari ya zamani, na wao ndio walioupa ugonjwa huu jina la mtoto wa jicho, kwa lugha yao. Huanzia kwenye pembe za kioo. Doa dogo jeupe, kama tone la maziwa. Miaka inapita, madoa yanaungana, yanatambaa kuelekea katikati, mpaka msomaji wa habari aliyemo ndani anaonekana kama amevikwa shela. Sauti ipo, picha ipo, mitambo inafanya kazi. Lakini mtazamaji haoni kitu.

Nimelileta jambo hili hapa kwa sababu ya barua ya msikilizaji wetu mmoja wa Mombasa. Ameomba nisimtaje jina, nami namheshimu. Amerithi kutoka kwa marehemu ami yake televisheni ya sanduku la mbao, yenye miguu minne, ya miaka ile ya mwanzo ya televisheni nchini Kenya. Mtakumbuka kwamba Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962, Uganda ikafuata mwaka 1963. Sisi wa Tanzania bara tulingoja mpaka mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na yao, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Basi televisheni hiyo ya ami, anasema msikilizaji, mtaa mzima ulikuwa ukiitazama. Watoto walikaa mkekani mbele, wazee vitini nyuma, na waliokosa nafasi walitazamia dirishani. Sasa kioo chake kimeota madoa meupe pembe zote nne.

Ameita mafundi wawili. Wa kwanza amemwambia kwamba kuvu wameingia ndani ya tyubu ya picha, kwa hiyo ataitoboa kwa nyuma, aioshe kwa spiriti, kisha aizibe. Wa pili amesema hiyo haina dawa, bora aivunje achukue shaba. Msikilizaji anauliza: nani mkweli?

Jibu langu ni kwamba wote wawili wamekosea, na yule wa kwanza amekosea zaidi, kwa maana ushauri wake unaweza kumpofua mtu. Macho ya kweli safari hii, si ya televisheni. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari, si ya ufundi, na haya ninayoyaeleza nimeyapata kwa kusoma na kuwauliza wanaoyajua. Lakini kosa la fundi yule halihitaji cheti kulitambua.

Tyubu ya picha, ile iliyozifanya televisheni za zamani ziwe na chogo, ni chupa kubwa ya kioo. Mbele ni pana, nyuma ina shingo nyembamba kama ya mbuyu wa kuchotea maji. Kiwandani hewa yote iliyomo hunyonywa, shingo ikazibwa kwa moto, likabaki ombwe. Hapana budi iwe hivyo, kwa sababu ile miali ya umeme inayotoka shingoni kwenda kuchora picha haiwezi kusafiri penye hewa. Sasa tujiulize: kuvu wanaota wapi? Wanaota penye hewa na unyevu. Ndani ya tyubu nzima hakuna hewa wala unyevu. Siku hewa itakapoingia, tyubu hiyo imekufa, haitatoa picha tena hata ukaiosha kwa maji ya Zamzam.

Na hewa ikiingia, tyubu yenyewe hukuonyesha. Karibu na shingo, kwa ndani, kuna doa la rangi ya fedha, linang'aa kama kioo cha kujitazamia. Ni madini yaliyowekwa makusudi ili yanyonye mabaki ya hewa. Tyubu ikipata ufa na hewa ikapenya, doa hilo hupoteza rangi ya fedha na kuwa jeupe kama chokaa. Kwa hiyo kuna weupe wa aina mbili, na fundi mzuri haichanganyi. Weupe wa huko nyuma shingoni ni msiba. Weupe wa mbele, kwenye pembe za uso, ni mtoto wa jicho, na huyo anatolewa.

Lakini kwanza tuipige hesabu ya lile ombwe, maana ndiyo kiini cha hadithi yote. Hewa inayotuzunguka ina uzito. Kila sentimita moja ya mraba ya kitu chochote inakandamizwa na hewa kwa uzito wa karibu kilo moja. Sisi hatuusikii kwa kuwa ndani yetu mna msukumo unaojibu. Tyubu haina cha kujibu. Tyubu ya inchi 23, ambayo ilipendwa sana Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ina uso wenye ukubwa wa sentimita za mraba kama 1,800. Maana yake ni kwamba usiku na mchana, iwe imewashwa au imezimwa, iwe sebuleni au stoo, uso wake peke yake umebebeshwa uzito wa karibu kilo 1,800. Ni kama gari zima la saluni limelala juu ya kioo. Kioo kinahimili kwa sababu ni kinene na kimepinda. Kikipata ufa mbaya, vipande hukimbilia ndani kwa kasi kubwa, vikapishana katikati na kutokea upande wa pili, yaani upande walikokaa watoto mkekani.

Waliotengeneza televisheni za kwanza walilijua hilo. Ndiyo maana seti za Marekani za baada ya Vita vya Pili, za miaka ya 1946 na kuendelea, zilikuwa na kioo kingine kilichosimamishwa mbele ya tyubu, kwenye fremu ya sanduku. Aghalabu kilikuwa kioo cha usalama, cha namna inayofanana na kioo cha mbele cha gari. Kioo cha gari, kwa wasiojua, ni vioo viwili vilivyobanwa na utando mwembamba katikati, na kikipasuka vipande hubaki vimeng'ang'ania ule utando. Fikra hiyo hutajwa kuwa ni ya Mfaransa Édouard Bénédictus, aliyeangusha chupa ya maabara mwaka 1903 akashangaa kuona imepasuka bila kusambaa, kwa sababu kemikali iliyokuwamo ilikauka na kuacha ngozi nyembamba ndani yake.

Kioo cha mbele kilicho mbali na tyubu kilikuwa na kero zake. Televisheni ikiwaka, uso wa tyubu huvuta vumbi, na vumbi likiingia kati ya vioo viwili hulifikii bila kufungua skrubu. Tena kuna suala la mng'ao. Kila mahali ambapo kioo hukutana na hewa, karibu asilimia 4 ya mwanga hurudi nyuma. Vioo viwili vyenye hewa katikati vinakupa nyuso tatu za kukurudishia taa ya sebuleni na dirisha lako mwenyewe. Unatazama mpira huku unajiona.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 viwanda vya Marekani vikapata ufumbuzi ambao kwa wakati ule ulionekana umemaliza mambo yote. Walitengeneza kioo cha usalama chenye mviringo ule ule wa uso wa tyubu, wakakigandisha moja kwa moja juu yake kwa gundi inayoonekana kama kioo chenyewe. Hewa ya katikati ikatoweka, na pamoja nayo vumbi na ile ming'ao miwili ya ndani. Tyubu ikipasuka, vipande vya uso vinashikwa na gundi. Wakakitia kioo hicho rangi ya kijivu kidogo ili nyeusi iwe nyeusi kweli. Matangazo ya biashara yakafurahia. Tyubu za nyeusi na nyeupe zikatengenezwa hivyo, na baadaye tyubu za rangi za miaka ya 1960, zile za duara za inchi 21, nazo zikafuata. Wamarekani wengi waliomwona mwanadamu akikanyaga mwezi Julai 1969 walimwona kupitia gundi.

Na gundi, jamani, ni gundi. Ile iliyotumika kwenye nyingi ya tyubu hizo, kwa maelezo ya wanaozikarabati, ni jamaa wa gundi nyeupe ya maseremala wetu. Hakuna aliyeitengeneza akifikiria miaka 60. Televisheni ilikusudiwa ikae sebuleni miaka 10 au 15, kisha mwenye nayo anunue nyingine. Ukingoni, ambako vioo viwili vinaonekana kama mkate uliotiwa siagi, hewa na unyevu huingia polepole. Gundi inachoka, inaachana na kioo, inafanya mapovu, inageuka nyeupe. Wengi waliofungua sanduku wakaona yale madoa walidhani ni kuvu, kwa sababu umbo lake linafanana kabisa na kuvu wa mkate. Kwa hiyo fundi wa Mombasa hakudanganya kwa makusudi. Alichokosa ni kutazama kutoka ubavuni. Waswahili wanasema mwenye macho haambiwi tazama, lakini hapa inabidi aambiwe tena aelekezwe na mahali pa kutazamia: amulike kurunzi kwenye ukingo wa kioo, ataona tabaka mbili na mstari wa gundi kati yake, na madoa yote yamelala kwenye mstari huo. Ndani ya tyubu hakuna kitu.

Sasa tuje kwenye operesheni yenyewe, maana najua mnaingoja.

Kabla ya yote ni umeme. Televisheni ya nyeusi na nyeupe ya wakati huo huipa tyubu volti 15,000 mpaka 20,000, na ya rangi kama 25,000. Tyubu huutunza umeme huo hata baada ya kuchomoa waya ukutani, kama mtungi unavyotunza maji. Anayejua kazi huunganisha waya na chasisi na kuumwaga umeme huo kwanza, na hurudia tena baadaye, kwa sababu mabaki hujikusanya upya. Kisha huvaa miwani ya kinga, glavu nene na mikono mirefu. Tyubu hutolewa kwenye sanduku ikiwa imeshikwa usoni, kamwe si shingoni, halafu huwekwa kwenye kitu laini. Mkanda wa gundi unaozunguka ukingo wa vioo hubanduliwa. Hapo ndipo njia zinapogawanyika.

Wako wanaotumia waya. Ni waya mwembamba wa jamii ile inayowaka nyekundu ndani ya jiko la umeme, unafungwa vishikio pande mbili, unapitishwa umeme mdogo unaopimwa kwa uangalifu, na watu wawili wanauvuta polepole kati ya vioo viwili kama mtu anayekata kipande cha sabuni ya mche kwa uzi. Gundi inayeyuka mbele ya waya na waya unapita. Huchukua saa kadhaa. Waya ukikatika katikati ya kazi, ambalo ni jambo la kawaida, unaanza upya kutokea upande mwingine, ukimwomba Mungu.

Wako wanaotumia maji. Tyubu inalazwa kifudifudi ndani ya beseni pana, juu ya kitambaa, shingo ikiangalia juu, na maji yakifika juu kidogo tu ya ule mstari wa gundi. Maji yanapashwa moto. Hapa subira ndiyo kazi. Kila aliyewahi kumimina chai ya moto kwenye bilauri baridi anajua kinachotokea, na bilauri hiyo haikuwa imebeba kilo 1,800. Kwa hiyo joto hupandishwa kidogo kidogo kwa muda mrefu, kisha vioo vikiachana hushushwa vile vile, bila mtu kushawishika kuinyanyua tyubu ya moto na kuiweka kwenye sakafu ya saruji. Wengine hupuliza hewa ya moto kuzunguka ukingo na kusukuma vipande vya mbao laini au plastiki kwenye mwanya unaofunguka. Chuma hawatumii kama kabari, maana mkwaruzo mmoja wa bisibisi kwenye uso wa tyubu unatosha kuanzisha ufa.

Gundi zenyewe hazikuwa za aina moja. Iko inayolainika ikipata joto na kutoka kama utando wa maziwa. Iko nyingine ngumu isiyosikia, na hiyo imewashinda wengi. Aliye na akili, akiona gundi haitii, huacha. Nasema hivyo kwa sababu wanaosimulia habari za tyubu zao zilizopasuka mara nyingi wanaeleza dakika ile ile: walikuwa wamebakiza sehemu ndogo, wakaongeza nguvu.

Vioo vikishaachana, kazi inayobaki ni ya wembe, maji ya uvuguvugu na sabuni. Gundi inakwanguliwa kwenye vioo vyote viwili mpaka ving'ae. Hapo wengi hustaajabu kuona uso wa tyubu ulivyo mweupe na mzuri baada ya miaka 60, kama siku ya kwanza. Kumbe picha haikuwa imechakaa hata kidogo.

Na hapo ndipo panapozuka ubishi ambao umenifanya niuchague mada hii badala ya bei ya sukari. Tyubu imesafishwa, imewashwa, picha inang'aa kuliko ilivyowahi kung'aa, kwa kuwa kile kioo cha kijivu kimekaa pembeni. Mwenye nayo anajiuliza: kwa nini nikirudishe? Kitanirudishia ming'ao, kitapunguza mwanga, na kazi ya kukibandika ni nyingine tena. Wako wanaokiacha kabatini. Hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema televisheni hiyo haitazamwi na watoto tena, inawashwa mara mbili kwa mwaka mbele ya rafiki wawili watatu, na tyubu imekaa miaka 60 bila kupasuka.

Mimi siafikiani nao. Tyubu hiyo ilipotengenezwa, uso wake ulipangwa tangu mwanzo kuvaa kioo cha pili. Bila kioo hicho haina kinga yoyote, hata ile ya vumbi. Tena imetoka sasa hivi kwenye waya wa moto au beseni la maji ya moto, imeguswa na wembe, imegeuzwa juu chini. Kama kuna siku katika umri wake wote ambayo imepata mkwaruzo usioonekana, ni siku hiyo. Kuiondolea ngao siku hiyo hiyo ni sawa na fundi wa gari aliyemaliza kufungua injini akaondoa breki kwa sababu gari limekuwa jepesi. Na kwa seti za rangi kuna jambo jingine. Kwenye volti 25,000 tyubu hutoa mionzi ya eksirei kiasi kidogo, na unene wa kioo cha mbele ni sehemu ya kinachoizuia. Wamarekani walitishika sana na mionzi ya televisheni za rangi mwaka 1967, mpaka bunge lao likatunga sheria ya kudhibiti jambo hilo mwaka 1968. Sitaki kumtia mtu hofu, vyanzo vikubwa vya mionzi ile vilikuwa sehemu nyingine za mtambo. Lakini mtu asikiondoe kioo akidhani ni pambo.

Namna ya kukirudisha ipo, tena haina gharama. Wakarabati wengi wamekwishaachana na wazo la kumimina gundi mpya juu ya uso mzima, kwa kuwa povu moja tu la hewa huharibu kila kitu, na gundi mbaya ina mtoto wake wa jicho anayekuja. Badala yake hubandika vipande vya utepe mwembamba wenye gundi pande mbili kuzunguka ukingo, nje ya eneo la picha, wakakiweka kioo juu yake, kisha wakazungushia utepe mwingine imara pembeni ili vumbi lisiingie. Katikati hubaki hewa nyembamba kama karatasi. Ndiyo, ming'ao miwili inarudi. Mtu afunge pazia. Faida yake ni kwamba baada ya miaka 30, yule atakayekuja kuirithi anaweza kukibandua tena kwa vidole, bila waya wala beseni.

Tyubu hizi hazitengenezwi tena. Zamani tyubu ikichoka kulikuwa na karakana za kuikata shingo, kuweka kiini kipya, kunyonya hewa na kuiziba upya. Karakana ya mwisho ya namna hiyo Marekani, Hawk-Eye iliyokuwa mjini Des Moines katika jimbo la Iowa, ilifunga kazi mwaka 2010. Ya mwisho ya Ulaya, iliyojulikana kama RACS, huko Ufaransa, ilifunga mwaka 2013. Jumba la makumbusho la televisheni za awali lililoko Hilliard, katika jimbo la Ohio, lilichukua mitambo ya Iowa ili ujuzi usizikwe nayo. Kwa hiyo kila tyubu inayopasuka mikononi mwa mtu aliyekuwa na haraka imepungua kwenye hesabu ya dunia. Ndiyo maana wako waungwana wanaoshauri kwamba kama madoa yako pembeni tu na hayafiki kwenye picha, tyubu iachwe kama ilivyo. Na mimi kwa tyubu adimu nakubaliana nao. Kuna wazee wenye mtoto wa jicho mdogo ambao daktari huwaambia waende nyumbani, waonane mwakani.

Msikilizaji wa Mombasa nimeshamjibu kwa posta, lakini kwa faida ya wengine: asiruhusu tundu lolote kutobolewa kwenye tyubu hiyo. Atazame ukingo kwa kurunzi. Akiona tabaka mbili na mstari wa gundi, basi ana tyubu ya vioo viwili, na anaweza kuishi nayo na madoa yake mpaka apatikane fundi mwenye subira na miwani ya kinga. Akiona tabaka moja tu, madoa ni ya kitu kingine, huenda ni uchafu kwenye kioo cha fremu, na kitambaa chenye maji kinatosha.

Wengi wetu tunaonisikiliza hatuna televisheni za aina hiyo. Tulizo nazo, au tulizokuwa nazo, ni zile za chogo zilizotujia baada ya 1994, na hizo hazina kioo cha pili. Viwanda viligundua katika miaka ya 1960 kwamba mkanda wa chuma ukikazwa kwa nguvu kuzunguka ukingo wa uso wa tyubu, kioo kinabanwa kiasi kwamba ufa ukianza hausambai kwa urahisi, na hewa huingia taratibu badala ya kulipuka. Gundi ikaachwa. Mkanda huo ndio wenye masikio manne yanayopokea skrubu kwenye pembe.

Tangu matangazo ya analojia yalipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, televisheni hizo zimekuwa zikitoka majumbani. Kwanza zilivumilia kwa msaada wa king'amuzi, kisha bei ya zile bapa ikashuka, chogo likahamia stoo na kutoka stoo likaenda jalalani. Huko wapo vijana wa kuokota skrepa wanaotafuta shaba iliyozungushwa shingoni. Wanapiga shingo kwa jiwe, na shingo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Wengine huanza kwa kung'oa mkanda wa chuma, kwa sababu nao unapimwa kwa kilo. Hapo wanakuwa wameitoa tyubu ngao yake na kuipiga kwa pamoja. Kioo chenyewe, hasa cha sehemu ya nyuma ya tyubu za rangi, kina madini ya risasi, na unga mweupe uliopakwa ndani ya uso si wa kuvutwa puani wala kushikwa kwa mikono mitupu. Nimewaona watoto wakichezea vipande vyake wakidhani ni chokaa ya shuleni.

Kama chogo lako liko stoo, lilaze uso ukiangalia ukuta au sakafu, mahali ambapo mpira wa watoto haufiki, na lisitolewe kasha la nyuma. Likienda kwa mnunuzi wa skrepa, mwambie akuonyeshe kwanza atakavyoingiza hewa shingoni taratibu, akiwa amelifunika kwa gunia zito, kabla hajagusa ule mkanda. Akicheka, lirudishe ndani.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitasoma barua za wale waliouliza juu ya redio za betri kubwa.